Namba ya simu unahama nayo, wafuasi mbona huhami nao?

fundi_makoroboi

Wakuu mwangaluka, na mnaosoma usiku nanyi salama.

Kuna kitu kinanikera muda mrefu, nikasema leo nikimwage hapa maana huku kijiweni nikianza kukielezea kila mtu anatoa simu yake mfukoni anajifanya ana meseji. Mwaka 2017 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walileta utaratibu wa kuhama mtandao wa simu na namba yako ileile. Umechoka na bando la huku unaenda kule, mama mkwe anapiga ileile anakupata, wala hajui kama umehama. Na kabla yake, 2014, Tigo, Airtel na Zantel walishakubaliana hela itoke pochi ya huku iingie pochi ya kule moja kwa moja, Vodacom wakaja kuingia 2016. Zamani ukimtumia mtu wa mtandao mwingine anapata meseji yenye namba ya siri, anakimbia kwa wakala kutoa. Watoto wa siku hizi ukiwasimulia wanakuona muongo.

Sa niambieni, kwenye mitandao ya kijamii hiyo huduma iko wapi? Mtu akihama Facebook anahama mikono mitupu. Akihama Instagram hivyohivyo. Aliye TikTok hawezi kumfuata aliye X, lazima afungue akaunti huko, aanze moja.

Kuna dada namtengenezeaga mambo yake ya mtandaoni, anauza dagaa na sangara wakavu pale Mwaloni Kirumba. Wateja wake wengi hawako Mwanza, wako Dar, wako Kahama, wengine Bujumbura na Goma huko, hawajawahi kuonana naye uso kwa uso. Ukurasa wake kwenye mtandao mmoja mkubwa (siutaji) ulifungwa, ujumbe ukasema kavunja masharti, sharti lipi hamna aliyemwambia na hamna wa kumpigia. Picha za dagaa anazo kwenye simu, kwa hiyo picha sio hasara. Hasara ni ile orodha ya nani anamjua nani, nani aliagiza gunia mwezi uliopita, nani alimleta nani. Hiyo haikuwa kwenye simu yake, ilikuwa kwenye kompyuta za watu. Sokoni ukihamishwa kizimba wateja wanakutafuta kizimba kipya kwa sababu miguu ni yao, mtandaoni miguu ya wateja wako ameishika mwenye soko.

Hoja yangu ya uzi huu: teknolojia ya kuondoa hii shida ipo, tena ni ya zamani kuliko Facebook yenyewe. Kinachozuia sio ufundi. Nitashuka nayo taratibu, msiniharakishe, nafanya kazi huku naandika.

Sato_Mkavu

Nimeweka kiti cha mbele hapa. Karanga ziko njiani.

mzee_wa_Igoma

Mambo ya wazungu haya. Ngoja wajuzi waje.

fundi_makoroboi

@mzee_wa_Igoma sawa ni ya wazungu lakini anayefungiwa ukurasa ni Msukuma, kwa hiyo tusome tu mzee wangu.

Tuanze na shina. Wavuti aliianzisha Tim Berners-Lee akiwa CERN, maabara ya fizikia kule Uswisi, wazo aliliandika 1989, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakaitoa bure kwa dunia nzima, hamna wa kulipwa. Uzuri wake ni mmoja: ukurasa wowote unaweza kuunganisha kwenda ukurasa mwingine wowote bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mimi nikiwa Makoroboi hapa Mwanza naweza kuweka linki ya ukurasa ulioko Japani na mwenyewe asijue.

Ila ile ilikuwa ni kurasa kwa kurasa. Mashine haijui ndani ya ukurasa mna nini, inaona maandishi tu. 2006 huyohuyo Berners-Lee akaandika kanuni za kile kinachoitwa data zilizounganishwa. Kwa lugha ya kijiweni ni hivi. Kila kitu, sio ukurasa tu, mtu, samaki, mji, boti, kipewe anwani yake ya wavuti. Mtu au mashine ikifungua hiyo anwani ikute maelezo yanayoeleweka. Na ndani ya maelezo ziwemo anwani za vitu vingine ili uweze kuendelea kutembea. Basi. Maelezo yenyewe yanaandikwa kwa sentensi fupi za vipande vitatu, mtenda, uhusiano, mtendwa. "Huyu, anamjua, yule." "Huyu, anauza, dagaa." "Mwaloni, upo, Kirumba." Muundo huo unaitwa RDF, W3C, shirika linalopitisha viwango vya wavuti, waliupitisha 1999. Na vipande ni anwani, sio neno tupu (cha tatu tu ndo kinaweza kuwa maandishi ya kawaida), hapo ndo penye nguvu.

Sasa kuhusu watu. Mwaka 2000 Dan Brickley na Libby Miller wakaja na kitu kinaitwa FOAF, kirefu chake ukikiweka Kiswahili ni rafiki wa rafiki. Unaandika faili dogo unaliweka kwenye tovuti yako: mimi naitwa fulani, picha yangu hii hapa, nawajua hawa, na kila mmoja wa hao unaweka anwani ya faili lake. Rafiki yako naye ana lake kwake. Programu ikianza kwa mmoja inatembea kwa wote. Hamna makao makuu, hamna mwenye soko. Waliweka mpaka namna ya kuficha baruapepe, badala ya kuiandika wazi unaandika alama yake ya kihesabu ambayo huwezi kuirudisha nyuma kirahisi, ila mashine mbili zikiwa na alama moja zinajua ni mtu yuleyule. LiveJournal, mtandao wa Marekani wa enzi hizo, ulikuwa unatoa FOAF ya kila mtumiaji. Zuckerberg alikuwa bado hajafungua hata duka.

Binti_Nyegezi

Kaka umenikumbusha darasani, hebu niongeze kitu maana watu wanadhani data zilizounganishwa ni za marafiki tu.

Chukua ziwa letu hili. Dagaa wa Mwanza, omena wa Kenya na mukene wa Uganda ni samaki mmoja, Rastrineobola argentea. Halafu geuza upande wa pili, dagaa wa Kigoma sio hao kabisa, ni jamaa wengine wa Tanganyika. Sa mtu akikusanya takwimu kwa kufuata majina, Kisumu ameandika omena, Entebbe mukene, Mwanza dagaa, kompyuta itasema ni samaki watatu, na wa Kigoma na wa Mwanza itawaweka gunia moja. Ukiwapa anwani hiyo mambo inaisha. Wikidata iliyoanza 2012 ndo inafanya hivyo, kila kitu kina kitambulisho chake cha herufi Q na tarakimu, majina ya lugha zote yananing'inia chini yake.

Na ziwa ni moja lina nchi tatu, Kenya wana kama asilimia 6 tu ila takwimu wanazo kama wengine. Kuna taasisi ya uvuvi ya ziwa zima ipo Jinja, LVFO, wanafanya kazi. Lakini we nenda katafute takwimu za mialo mtandaoni, unakuta PDF, tena imepigwa picha ikiwa imelala upande. Berners-Lee 2010 aliweka nyota tano za kupima data huria, PDF ikiwa na leseni huria inapata nyota moja. Ikiwa jedwali ambalo mashine inalisoma, mbili. Likiwa kwenye muundo usio wa kampuni, CSV kwa mfano, tatu. Ukiweka anwani, nne, ukiunganisha na data za wengine, tano. Sisi tupo kwenye moja tunajipongeza.

Sato_Mkavu

Dada umeua. Ila hapo kwenye PDF imelala nimecheka peke yangu kwenye daladala ya Buzuruga watu wananiangalia.

kivuko_Kamanga

Nimesoma mpaka hapa, naomba nipinge kidogo, msinipige mawe.

Mnasema data za nani anamjua nani ziwe wazi na zihamishike kana kwamba ni kitu cha kheri tu. Mmesahau mikopo ya mtandaoni? Mtu anapakua programu, inamuomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, anakubali, anachukua elfu hamsini. Akichelewa, bosi wake, mchungaji, shangazi, mpaka fundi wa bomba wanatumiwa meseji kwamba fulani ni tapeli. Mimi nimepokea hizo meseji za mtu niliyewahi kununua kwake boda chakavu. BoT, Benki Kuu, ikaja kupiga marufuku programu kibao 2024. Ile ilikuwa ni nini? Ni orodha ya nani anamjua nani, imehama vizuri kabisa, tena kwa ruhusa ya mhusika. Shida ni kwamba mimi sikuombwa.

Na huko kwa wenzetu, Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa siasa iliyotumia data za watu wa Facebook. Mtu alitengeneza dodoso ndani ya Facebook, walijibu watu laki kadhaa, lakini Facebook kipindi hicho iliruhusu programu ivute na data za marafiki wa aliyejibu. Facebook wenyewe walikuja kusema 2018 kwamba waliokumbwa wanaweza kufika milioni 87. Mlango ulioruhusu hayo ndo huohuo mnaoutaka, mlango wazi wa data za marafiki. Kwa hiyo wakubwa wakifunga milango wana sababu ya kusema.

Orodha yangu ya marafiki sio yangu peke yangu. Nusu yake ni yao.

mzee_wa_Igoma

Hapa sasa kumeanza kunoga. Fundi jibu.

fundi_makoroboi

@kivuko_Kamanga wabeja sana, hii ndo hoja ngumu kuliko zote na wengi wa hii fani wanairuka. Nakubaliana na wewe nusu, nusu nyingine nakataa.

Nusu ninayokubali: kupakua orodha ya watu na kuipeleka kwingine bila wao kujua ni hatari. Brad Fitzpatrick, huyohuyo aliyeanzisha LiveJournal na baadaye OpenID 2005 (njia ya kuingia tovuti nyingi kwa utambulisho mmoja), mwaka 2007 aliandika kwamba huu mtandao wa mahusiano uwe mali ya jamii, uhifadhiwe na shirika lisilo la faida, kila programu mpya isianze sifuri. Wazo zuri lakini lina hilo tundu unalolisema wewe. January 2008 mwandishi mmoja wa teknolojia Marekani, Robert Scoble, alifungiwa Facebook kwa sababu alitumia programu ya Plaxo, ya kutunza anwani za watu, kuvuna majina na baruapepe za rafiki zake. Watu wengi walimtetea, ila wapo waliouliza swali lako hilihili, hao rafiki zake walikubali lini?

Nusu ninayokataa: kuhama sio lazima kubebe watu kwenye gunia. Kuna njia nyingine, na hapa naomba mtulie kidogo maana ndo roho ya uzi.

ActivityPub ni protokoli, yaani kanuni za mashine kuongea, ambayo W3C waliipitisha January 2018. Ndo inayoendesha Mastodon, mtandao wa kijamii unaofanana na X, iliyoanzishwa na Eugen Rochko wa Ujerumani 2016. Jinsi inavyofanya: mimi nipo kwenye seva hii (kompyuta inayotunza akaunti), wewe upo ile, ukinifuata seva yako inaiambia yangu, nikiandika kitu seva yangu inakipeleka kwa yako. Kama baruapepe. Na kila mtu ana anwani kamili ya wavuti, data zenyewe zinaandikwa kwa JSON-LD ambayo ni mjukuu wa ile RDF niliyosema juu. Kwa hiyo data zilizounganishwa hazikufa, zimevaa nguo nyingine.

Sasa kuhama. Nafungua akaunti mpya kwenye seva nyingine, kule kupya natamka kwamba ile ya zamani nayo ni mimi. Halafu naingia ya zamani naamuru hama. Seva ya zamani inazitangazia seva za wafuasi wangu: huyu kahamia kule. Kila seva ya mfuasi inakwenda kuhakikisha, inaangalia ile mpya, inakuta kweli inaitambua ya zamani, ndo inamhamisha mfuasi wake. Umeona? Sikubeba orodha ya mtu yeyote. Kila mmoja kafuata kwa upande wake, na ambaye hataki anaacha kufuata. Pande mbili lazima zikubaliane, tapeli hawezi kusema yeye ni mimi kwa sababu hana funguo ya ile ya zamani.

kivuko_Kamanga

Hiyo nimeielewa na ni nzuri. Maswali mawili. Zile posti za zamani zinahama? Na seva ya zamani ikizimwa ghafla kabla sijaamuru hama?

fundi_makoroboi

Posti hazihami, zinabaki kule. Na seva ikifa kabla hujaamuru, umekwisha, unaanza upya, maana tangazo la kuhama linatoka kwenye seva ileile iliyokufa. Sifichi. Yule dada wa Mwaloni angekuwa Mastodon na mwenye seva akamfungia ghafla, naye angelia vilevile, tofauti ni kwamba angeweza kuwa na seva yake mwenyewe.

Bluesky, mtandao mwingine wa aina hiyo, wao walilijua hilo tatizo. Protokoli yao inaitwa AT. Utambulisho wako wameutenganisha na seva, una kitambulisho chako cha kudumu, na jina unaloonekana nalo linaweza kuwa domeini yako mwenyewe, yaani jina la tovuti yako. Posti zako zote zipo kwenye hifadhi moja yenye sahihi ya kihesabu, ukiwa na nakala yake na funguo yako unaweza kwenda kuishusha seva nyingine hata kama ya zamani imezimwa. Kwenye karatasi ni bora. Ila watu wengi wao wapo kwenye seva za kampuni ileile, na ile daftari inayosema kitambulisho hiki kipo seva ipi ilianzishwa na kampuni yenyewe, na kwa miaka ikawa inaendeshwa nayo. Kwa hiyo mlango wa kutoka upo, umepakwa rangi, ila sijaona wengi wakiupita.

Halafu kuna Solid, ya Berners-Lee mwenyewe, ilianzia MIT, 2018 akafungua kampuni ya Inrupt kuisukuma. Hiyo inakwenda mbali zaidi, data zako zote unazo kwenye hifadhi yako, programu inakuja kuomba kusoma. Flanders kule Ubelgiji serikali imeichukua. Mimi nimeijaribu, naiheshimu kuliko ninavyoitumia. Kumwambia mtu wa kawaida achague atahifadhi wapi data zake kabla hajapost picha ya ubatizo, mh.

Nansio_Boy

Kaka mimi niko Ukerewe, naomba niulize kishamba. Hizo seva nani analipa umeme? Huku watu intaneti yao ni WhatsApp, ukimwambia mtu afungue kitu nje ya WhatsApp anakuuliza kinakula bando kiasi gani. Wavuvi, wachuuzi, kikundi cha vikoba, msiba, harusi, yote ni grupu. Hiyo Masto sijui nini utampelekea nani?

Sato_Mkavu

Swali la kishamba ndo huwa lina mbolea.

fundi_makoroboi

Swali lako ni zuri na ndo sababu FOAF haikufika popote. Walijenga barabara hawakujenga stendi. Mtu alitakiwa awe na tovuti, aandike faili kwa mkono, na akishamaliza hamna cha kufanya nalo, huwezi kuchati, huwezi kuona picha. Facebook ikaja na kila kitu pamoja, bure, na gharama akalipa mtangazaji. Seva za Mastodon zinalipiwa na michango ya watu au mfuko wa mwenye seva, na nyingine zimeshafungwa kwa kuchoka tu. Umeme sio bure hata huko Ulaya.

Kuhusu WhatsApp, angalia kitu cha ajabu. Utambulisho wako pale ni namba ya simu, na namba unaweza kuhama nayo, na majina ya watu unayo kwenye simu yako, sio kwao. Kwa hiyo yule anayeuza kwa WhatsApp kwa kusevu namba za wateja yuko salama kuliko yule mwenye wafuasi kibao Instagram. Kesho WhatsApp ikizima anapiga simu ya kawaida. Mbaya ni mbili. Laini ukiiacha muda mrefu bila kuitumia inafungwa na namba anapewa mtu mwingine. Na grupu halihami, ukisafirisha chati unapata faili la maandishi na labda picha, sio grupu lenyewe.

Huko Ulaya wana sheria yao ya masoko ya kidijitali, DMA, ilianza kuwabana wakubwa March 2024, WhatsApp inatakiwa ifungue mlango ili mtu wa programu nyingine aweze kuchati na aliye WhatsApp. Ni kwao tu, sisi huku hatumo.

Binti_Nyegezi

Na hapo ndo narudi kwenye mfano wako wa mwanzo kaka, maana nadhani ulipita haraka. Kuhama na namba kulilazimishwa na TCRA. Lakini pesa kwa simu mwanzoni haikulazimishwa, kampuni zilikaa mezani zenyewe. Na angalia nani alianza, walioanza ni wale waliokuwa nyuma, Vodacom aliyekuwa mkubwa akaja miaka miwili baadaye. Mdogo ndo anayefaidika na mlango wazi. Mkubwa watu wote wapo kwake tayari, afungue ili iweje?

Tazama sasa Meta, wenye Facebook, na Threads, mtandao wao wa kuandika posti. Ilianza July 2023 ikiwa mgeni mbele ya X, Desemba 2023 wakaanza kujaribu kuiunganisha na ActivityPub, mtu wa Threads akiwasha hiyo kitu anaweza kufuatwa na mtu wa Mastodon. Facebook na Instagram za kampuni hiyohiyo, ambako wao ndo wakubwa, wala hazijaguswa.

fundi_makoroboi

Aisee. Hilo la nani alianza sikulifikiria hivyo, naliiba.

kivuko_Kamanga

Na mkubwa akishakua anafunga. Google Talk, huduma ya kuchati ya Google, ilianza 2005 ikiwa kwenye XMPP, protokoli ya wazi, mtu wa seva nyingine uliweza kuchati naye. 2013 walipokuja na Hangouts ule uwazi wa kuongea na seva za nje wakauacha. Waliokuwa nje wakajikuta wanaongea na ukuta. Kwa hiyo hata hao Threads msiwakumbatie sana, siku wakishiba.

Alafu niseme jambo, kuna faida moja ya hii mitandao iliyotawanyika ambayo hamjaigusa na mimi mpinzani ndo naileta. Mei 2025 X ilipoacha kufunguka hapa nchini, watu waliokuwa na biashara na wafuasi wao pale walikatika siku moja, mwenye VPN na asiye nayo mnajua. Kitu kikiwa mlango mmoja kinafungwa mara moja, awe aliyefunga ni kampuni au yeyote.

mzee_wa_Igoma

Hapo tuishie hapohapo mkuu, tuendelee na dagaa.

Sato_Mkavu

😂😂😂

Nansio_Boy

Wakuu nimerudi. Wakati mnabishana nilienda mipangilio ya Facebook nikaomba wanipakulie data zangu zote, ile sehemu ya kupakua taarifa zako. Faili limekuja, limekula bando langu la wiki. Picha zangu zimo, meseji zimo, mpaka vitu nilivyotafuta 2016 aibu tupu. Nikaenda kwenye marafiki. Mnajua nimekuta nini? Majina na tarehe tuliyokuwa marafiki. Basi. Hamna linki ya ukurasa wao, hamna namba, hamna kitambulisho chochote. Nina rafiki watatu wanaitwa Emmanuel, jina la pili ni la baba na linafanana, sasa faili hili linanisaidia nini?

fundi_makoroboi

@Nansio_Boy umefanya kazi ya uzi mzima peke yako.

Ndo pale nilipokuwa naelekea. Sheria ya Ulaya ya GDPR, inayotumika tangu Mei 2018, kifungu cha 20 kinasema una haki ya kupewa data ulizotoa kwa muundo ambao mashine inasoma, na hata zihamishwe moja kwa moja kwenda kwingine pale inapowezekana kiufundi. Facebook walikuwa na kitufe cha kupakua tangu 2010, kampuni nyingine nyingi zikaweka vyao, na dunia nzima tukapata, hata wewe Nansio. Ukichagua muundo wa JSON, faili ni safi kabisa, mashine inasoma bila shida. Lakini kanuni ya Berners-Lee inasema kila kitu unachokitaja kiwe na anwani. "Mimi, namjua, Emmanuel" bila anwani ya Emmanuel ni maandishi tu. Wamekupa data, wametoa viunganishi. Ni ile omena na mukene ya Binti Nyegezi, ila sasa ni ya watu.

Na ukiwauliza watakujibu kwa maneno ya @kivuko_Kamanga: tunalinda faragha ya Emmanuel.

kivuko_Kamanga

Mzee usinitupie mimi hiyo. Wangeweza kumuuliza Emmanuel. Kitufe kimoja tu, "watu wakihama unaruhusu wakupate kule waendako?" Wakikubali wawili anwani inatoka, mmoja akikataa haitoki. Faragha imelindwa na mtu kahama. Kama waliweza kuniuliza kila asubuhi nani yupo kwenye picha hii hawashindwi kumuuliza hilo.

Binti_Nyegezi

Muiteni huyu mpinzani kwenye kamati.

Na sisi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, tume ipo. Haki ya kuuliza wana taarifa zako gani imo. Mtu anaweza kuanzia hapo badala ya kusubiri Brussels.

Nansio_Boy

Sawa, mimi wa kawaida kesho asubuhi nifanye nini? Msinipe seva.

fundi_makoroboi

Nitakwambia nilichomfanyia huyu dada. Tumenunua domeini ya .co.tz, ukurasa mmoja mwepesi kabisa unafunguka hata kwa bando la mia tano, una bidhaa, una namba ya simu, umeandikwa ndani kwa msamiati wa schema.org, ule ambao Google, Bing na Yahoo waliuanzisha 2011, ili mashine ijue hili ni duka, liko Kirumba, linauza samaki. Hiyo ni data iliyounganishwa na yeye hajui na wala haimhusu. Akaunti zake mpya kwenye mitandao anazo, hatujasusa, ila kila posti inaelekeza kwenye domeini, na kila mteja akinunua anaulizwa kama anaruhusu asevewe namba. Akikubali jina lake na namba vinaingia kwenye jedwali la CSV, nakala moja simu nyingine kwa dada yake Sengerema.

kivuko_Kamanga

Domeini nayo ni ya kukodi, usimdanganye. Inalipiwa kila mwaka, ukisahau inaondoka, na anayeidaka anaweza kuwa tapeli anayeuza dagaa hewa kwa jina lako.

fundi_makoroboi

Kweli, ni kukodi. Tofauti ni kwamba wauzaji wa domeini wapo wengi na sheria ya kuhama kati yao ipo, ukichoka na huyu unamhamishia yule na jina linabaki lilelile.

Sato_Mkavu

Mkuu hiyo domeini mtu ananunua wapi, na fundi anadai nini? Mimi nina duka la nyavu.

fundi_makoroboi

Wapo mawakala wengi mtandaoni, bei zinapishana kidogo, linganisha kabla hujalipa. Ila sikiliza, yeyote utakayempa kazi, hata kama ni mimi, hakikisha kwenye fomu ya kusajili limeandikwa jina lako na baruapepe yako na paswedi unayo wewe. Sisi mafundi tuna katabia ka kusajili kwa majina yetu eti kumrahisishia mteja, siku mkigombana anabaki nayo. Nitumie PM nikuelekeze pa kuangalia jina la msajiliwa.

Nansio_Boy

Loh. Ngoja nikaangalie ya kikundi chetu cha vikoba sasa hivi, ilisajiliwa na mtoto wa mwenyekiti.